Kitabu Kilichoshonwa Kombo

Imesimuliwa, nami nasimulia kama nilivyopokea bila kupunguza, na huenda nimeongeza kidogo, kwamba mji wa Zabarijadi, wenye milango saba na hamamu arubaini, ulitawaliwa na Sultani Tajudini bin Marwani, mfalme mpole, mwenye mkono wazi, asiye na ila isipokuwa moja: alipenda kuwa na vitabu kuliko kuvisoma. Alikuwa navyo elfu kumi na mbili, na vingi havikufunguliwa tangu vilipoingia kasri, na furaha yake kubwa ilikuwa kujua kwamba wafalme jirani hawanavyo.

Siku moja ukaja msafara wa ngamia na sanduku la msandali, na ndani yake kurasa mia mbili zisizoshonwa, zilizochorwa kwa rangi za kustaajabisha: samaki waliovaa makubadhi wakienda sokoni, na miti inayotaga mayai, na nyumba zilizoanikwa kwenye kamba, na wanawake wenye mabawa wakikamua mawingu maziwa. Pembeni mwa kila picha palikuwa na maandishi mazuri mno, yenye vitanzi na mikia, wala hayakuwa ya Kiarabu wala ya Kiajemi wala ya Kihindi. Maulamaa wote wa mji waliyatazama, wakakohoa, wakaenda zao.

Sultani akamwita Nargisi binti Lukmani, mjalidi, yaani mshona vitabu, wa kasri, aliyerithi sindano na gundi za marehemu baba yake, akamwambia, "Nishonee kitabu hiki. Ukurasa huu uwe wa kwanza, na ule uufuate, na ule mwingine baada yake," akaendelea kuzipanga kurasa zote kwa jinsi zilivyompendeza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mtu mnene aliyevaa taji refu la dhahabu, na Sultani alikuwa ameona, au alitaka kuona, kwamba wanafanana.

Sasa wajalidi wana elimu yao, ambayo maulamaa hawaijui. Mdudu mla karatasi akiingia kitabuni hutoboa moja kwa moja, ukurasa baada ya ukurasa, na tundu lake huanza pana na kuishia jembamba, na kwa hiyo kurasa zikitawanyika mjalidi huzipanga kwa kufuata tundu, hata kama hajui herufi moja. Nargisi aliyaona matundu, na aliona wazi kwamba ukurasa wa mwenye taji ni wa karibu na mwisho. Lakini alimwogopa Sultani, akasema, "Nasikia na kutii, maulana," akashona kama alivyoambiwa. Sultani akapiga muhuri wake wa nta juu ya fundo la uzi, na sheria ya Zabarijadi ilikuwa kwamba mkono utakaofumua kitabu chenye muhuri wa Sultani hukatwa.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala Sultani aliketi barazani, akafungua ukurasa, akawasomea watu. Ndiyo, akawasomea! Alisema maandishi yale yanamtaja yeye na nasaba yake na ushindi wake, na Kadhi Nuumani akitikisa kichwa na kusema, "Naam, naam, ndivyo hasa," na watu wakaitikia mashallah. Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima.

Adhuhuri moja, Nargisi akiwa peke yake maktabani akipaka nta majalada, kitabu kile kikafunguka chenyewe, akatoka jini mwenye kimo cha binadamu na ngozi ya buluu, amevaa joho la bwana arusi, akapiga magoti mbele yake.

"Bibi yangu," akasema, "mimi ni Kaukabu, mtumwa wa fundo ulilolifunga, kwani nchi yetu humtii yule aliyeishona. Siwezi kukudhuru, wala siwezi kukuamuru. Nimekuja kukuomba."

Nargisi aliweka nta mezani. "Omba," akasema.

"Umetushona kombo. Kwetu mtu huzikwa leo na kesho yuko sokoni anauza biringani, na hilo tumelizoea. Lakini ukurasa wa arusi yangu umeutangulia ukurasa nilimokutana na mchumba wangu. Kila siku naketi naye mkekani mbele ya wageni, na kila siku hanijui, ananiogopa na kulia."

"Basi nisomee maandishi yenu, nijue mpangilio ulivyo."

"Bibi, nani awezaye kusoma kitabu anachoishi ndani yake?"

Aibu ikampanda Nargisi mpaka masikioni, maana hakuhitaji kusomewa. Alijua tangu mwanzo akanyamaza. Akautazama mkono wake wa kuume, ule unaoshika sindano na kumpatia chakula, akautazama sana. Kisha akasema, "Rudi kwa mchumba wako. Mvumilie hadi Ijumaa." Na jini alipokwisha kuingia kitabuni, Nargisi alichukua kisu, akavunja muhuri, akakata uzi, akazitandaza kurasa sakafuni, na kwa siku mbili akazifuata tundu kwa tundu na kuzishona upya.

Ijumaa ilipofika, alikibeba kitabu mwenyewe hadi barazani, na kabla Sultani hajakigusa, akasema mbele ya watu wote, "Maulana, nimekifumua."

Baraza likavuma, na mkuu wa walinzi akashika upanga. Sultani akauliza kwa upole, "Kwa nini, binti Lukmani?"

"Kwa sababu nilikishona vibaya, na nilijua, nikaogopa kusema. Waliomo wanateseka. Kitazame kwanza, maulana, kisha mkono wangu huu hapa."

Sultani akafunua ukurasa baada ya ukurasa, na watu wakajongea, na kila picha ikaifuata nyenzake bila kujikwaa. Karibu na mwisho walimwona yule mtu mnene katika jiko la uani, kichwa wazi, jua likimchoma, anaifunua sufuria ya pilau na kuchukua kawa la dhahabu lililokuwa kifuniko chake. Katika ukurasa uliofuata alikuwa amelivaa kawa lile kichwani, anaelekea arusini na masinia. Taji lilikuwa kawa, na mfalme alikuwa mpishi.

Kila mtu alielewa jambo lililo mbele ya Sultani: akisema kitabu kilikuwa sawa hapo kwanza, heshima yake itabaki na mkono wa Nargisi utaanguka, akisema kiko sawa sasa, basi mwaka mzima aliwasomea watu wake habari za mpishi. Naye Sultani akafunua ukurasa mmoja zaidi. Pale palikuwa na arusi, na bibi arusi aliyechorwa kwa rangi akalifunua shela lake mbele ya macho yao, akamtazama Kaukabu, akacheka kwa furaha ya mtu aliyemngojea anayempenda.

Sultani Tajudini akafuta machozi. "Sijui kusoma kitabu hiki," akasema. "Sikuijua hata herufi moja. Nilikuwa nabuni."

"Nami, maulana," akasema Kadhi Nuumani, "nilikuwa naitikia tu."

Kicheko kilianza mbele, kikaenda hadi mlangoni, na Sultani akacheka kuliko wote. Kisha akahukumu kwamba muhuri ule ulilinda kosa lake mwenyewe, na mkono uliolisahihisha hauna hatia. Akampa Nargisi nyumba na mfuko wa lulu, akaamuru kisipigwe muhuri kitabu chochote kabla mjalidi hajasema alichoona. Nargisi mwenyewe aliolewa mwaka uliofuata na fundi wa wino, na hiyo ni hekaya nyingine, wala hainihusu.

Hii ndiyo habari yao. Nawe uliyeisikiliza, kama una ujuzi wako, jua kwamba ukiunyamazia kwa woga, kuna mahali mtu analia kwa sababu yako, hata kama mahali penyewe pamechorwa tu.