Bi Nungu na Kitunguu Bubu

Mwaka ambao mvua ilisahau njia ya kuja bonde la Mkengeni, nyasi ziligeuka majivu, mto ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wote wakawa wanakunywa kwenye chemchemi moja tu, chini ya mwamba wa Simba.

Chemchemi ile ilikuwa salama kwa sababu ya sauti ya Simba. Akinguruma alfajiri, simba wageni wa ng'ambo ya milima walijua pana mwenyewe. Lakini vumbi la ukame lilimkaba koo, na asubuhi moja alipofungua kinywa ili angurume, ilitoka sauti kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Simba kwa majivuno yake hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Aliwaambia raia zake, "Leo sijisikii kunguruma." Kesho yake hakujisikia pia. Baada ya hapo nyayo ngeni zikaonekana kwenye tope la chemchemi.

Ndipo alipowakusanya wanyama, akasema kwa kunong'ona, "Marehemu bibi yangu alitibu koo kwa kitunguu pori. Atakayekileta, na akaweza kukiotesha ili kisikosekane tena, nitampa ukingo wa chemchemi akae yeye na wanawe."

Wanyama wakatazamana. Zamani kitunguu pori kilijaa mlimani, lakini Fisi alikuwa amekipitia chote. Alikula, akasaza, na jioni akarudi kula alichosaza.

Bi Nungu aliposikia tangazo lile, aliwatazama wanawe. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, maneno makali na miiba mikali zaidi. Kila siku alishuka mlimani na watoto wake kwenda kunywa, akapanda nao tena wakilia kwa uchovu. Akasema moyoni, "Ukingo ule lazima niupate."

Manyunyu kidogo yalipoanguka, akapanda mpaka kwenye changarawe za juu, mahali ambapo makucha ya Fisi hayakufika. Huko, katikati ya mawe, aliona maua madogo ya zambarau yamekusanyika kwenye ncha ya bua kama ngumi ya mtoto. Hatua chache pembeni ulikuwepo mmea mwingine. Huo ulikuwa mnene zaidi, majani yake yaling'aa na maua yake yalikuwa meupe. Akachimbua kidogo chini ya kila mmoja, na yote miwili ilikuwa na kitunguu.

"Sasa kati yenu wawili, kitunguu pori ni yupi?" akajiuliza.

Akakata jani la ule mnene, akalifikicha na kulinusa. Hakusikia kitu. Akakata jani jembamba la ule wa zambarau, akalifikicha. Harufu ilimpanda puani mpaka akapiga chafya, miiba yote ikasimama.

"Ndiwe!" akasema kwa furaha. "Na wewe mnene, kwa kuwa husemi kitu puani, jina lako ni Bubu. Wanaokula bubu tunawajua, hushika tumbo wiki nzima."

Hakung'oa vyote. Alichukua vitunguu vichache vya pembeni, akakiacha kile cha katikati na maua yake, akaenda kuvipanda kwenye mteremko wa mchanga karibu na shimo lake.

Sungura, ambaye hakuna jambo bondeni lililompita, akafika kumtembelea.

"Hodi, dada! Naona umekuwa mkulima."

"Karibu. Tazama, lakini usiguse."

"Mimi siwezi kugusa. Fisi je? Amekuwa akipita hapa akijifanya anatafuta mfupa wake uliopotea."

Bi Nungu akakunja uso. "Nikimkuta nitamchoma!"

"Utamchoma leo, kesho utakuwa umelala," Sungura akasema, akikuna sikio. "Fisi huchukua kilicho kikubwa kuliko vyote. Basi panda bubu mbele, karibu na njia. Vyako vya kweli uvifiche nyuma ya mawe."

"Akila akafa?"

"Fisi huyu aliyemeza pembe na kwato? Ataharisha tu, dada."

Bi Nungu akacheka, akarudi kule juu kuwachukua bubu, akafanya hivyo. Bubu wakanenepa pale mbele. Nyuma ya mawe, vile vya kweli alivipa maji kidogo sana, kwa maana vikilowa huoza. Polepole vikachipua, kimoja kikazaa vitatu, na maua ya zambarau yakafunguka.

Mchana mmoja wa jua kali alitoka shimoni, akakuta mstari wa mbele umeng'olewa wote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona hapakubaki hata ganda moja chini, na kicheko kikamkauka kinywani. Fisi hakuvichukua avile peke yake! Alikuwa anavipeleka kwa Simba!

Akang'oa kitunguu cha kweli pamoja na majani yake, akateremka mbio.

Kule mwambani Fisi alikuwa tayari amepiga magoti na mzigo wake wa bubu wenye majani. "Nimeviotesha kwa mikono yangu hii, Mfalme. Nilivipanda topeni, nikavimwagia maji asubuhi na jioni!"

Simba akachukua kimoja kikubwa, akakipeleka kinywani.

"Usile!" Bi Nungu akapiga kelele.

Simba akamgeukia polepole. "Nani anayemwamuru Simba?"

"Ni mimi, Nungu, na ukishapona utanikemea vizuri. Kwanza fikicha jani, unuse."

Simba akafikicha, akanusa. "Sisikii kitu."

"Harufu imemalizwa na ukame!" Fisi akadakia.

Sungura, aliyekuwa amekaa kando, akasema kwa upole, "Basi kula wewe kimoja, kaka, tukuone."

"Mimi... mimi nilishaonja njiani. Vitano sita hivi, kuona kama vimeiva." Kabla hajamaliza, tumbo lake likanguruma kuliko Simba alivyowahi kunguruma. Macho yakamtoka. Akakimbilia kichakani, na yaliyosikika huko hayasimuliwi mbele ya watu wanaokula.

Bi Nungu akafikicha jani lake chini ya pua ya Simba. Machozi yakamlengalenga yule mkubwa.

"Ni vumbi," Simba akasema upesi.

"Naam, Mfalme. Vumbi lina harufu nzuri. Tafuna."

Akatafuna siku ile na siku zilizofuata, na asubuhi moja mawe ya mwamba yakatetemeka kwa ngurumo. Simba wageni, waliokuwa wakishuka mlimani kwa madaha, wakageuka kana kwamba wamekumbuka shughuli nyumbani.

Bi Nungu na wanawe wakahamia ukingoni. Bustani aliiacha kule kule kwenye mchanga. Na Fisi, aliyerudi amekonda, Simba alimhukumu apande mbegu nyeusi za kitunguu pori, na asile hata kimoja mpaka vitoe maua.

Ilikuwa adhabu kali. Kila asubuhi Fisi alikwenda kutazama majani membamba kama nywele.

"Tayari?" alimwuliza Bi Nungu.

"Bado."

Mvua zikaja, zikaondoka, zikaja tena. "Tayari?" "Bado, Fisi."

Hata siku moja akasikika akipiga ukelele, bonde zima likakimbilia huko likidhani kuna msiba. Walimkuta amesimama mbele ya ua moja la zambarau.

"Haya," Bi Nungu akamwambia. "Muda wako umetimia. Ng'oa ule."

Fisi akalitazama ua, akawatazama na wenzake, udenda ukimtiririka. Akaweka miguu huku na huku ya lile ua, akatoa meno.

"Asiliguse mtu!" akasema. "Mbegu zote hizi ni zangu!"

Bi Nungu akacheka mpaka miiba yake ikagongana. Tangu siku hiyo kitunguu pori hakijapungua Mkengeni, kwa kuwa hakuna anayelinda bustani kama Fisi anayedhani ni yake peke yake.