Msuko wa Nyaya

Maneno yaliingia saluni kwa msusi asubuhi, na hayakutoka tena. Mteja mmoja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, alisema amesikia kwamba yule msichana aitwaye Kijiti amehongwa na shule pinzani ili aiharibu roboti ya wenzake.

"Nani kasema?" msusi aliuliza.

"Watu wanasema."

Msusi alicheka, akaendelea na kazi. Lakini neno lile lilimganda kama ruba.

Bintiye msusi na Kijiti walikuwa chanda na pete. Wao wawili ndio waliounda roboti ya shule, kigari cha kufuata mstari mweusi sakafuni bila kushikwa na mtu. Chini ya tumbo lake kulikuwa na vihisi viwili, ndiyo macho yake ya kuuonea mstari. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na kila shule ilitakiwa kupeleka wanafunzi wawili tu.

Mwanzoni kilitembea vizuri. Kisha kikawa kama kilichopagawa. Kikisimama, macho yaliuona mstari bila shida. Magurudumu yakianza kuzunguka tu, kiliuacha mstari na kugonga ukuta. Walibadilisha vihisi. Wakabadilisha betri. Wakaandika upya maagizo kwenye kompyuta. Wapi.

"Labda kinaogopa kutembea, kama wewe siku ya mtihani wa hesabu," Kijiti alimtania mwenzake.

Msusi, aliyekuwa amewaletea chakula, hakucheka. "Jana nani alibaki na hii mashine?"

"Mimi, mama," Kijiti alijibu. "Nilikuwa nasafisha magurudumu."

Msusi akajumlisha moja na moja. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wao.

"Mwalimu, yule mtoto mtoe. Watu wote wanajua."

"Watu gani, mama?"

"Panapofuka moshi hapakosi moto, mwalimu."

Mwalimu alikuna kichwa. Naye hakuwa na maelezo mengine. Akalifuta jina la Kijiti, akapeleka la mwanafunzi mwingine.

Kijiti alichukua mkoba wake. "Na wewe unaamini?" alimuuliza rafiki yake. Bintiye msusi aliinamisha macho, kwa kuwa hakujua tena aamini lipi.

Kesho yake, Kijiti akiwa kwao, kigari kiligonga ukuta uleule.

"Au anaturoga kutoka nyumbani?" msusi alinong'ona.

"Mama, hata mimi sielewi."

Mwalimu alichuchumaa, akakigeuza kigari juu chini. "Hizi nyaya nani kazifunga hivi?"

"Mimi," bintiye msusi alijibu. "Zilikuwa timtim kama nywele za mtu aliyetoka kulala, nikazisuka."

Kweli, nyaya nene za mota na nyaya nyembamba za vihisi zilikuwa zimebanwa katika msuko mmoja, umekaza, umenyooka. Msusi mwenyewe alikuwa ameuona na kuusifu: "Huo ndio mkono wangu."

"Fumua," mwalimu alisema.

Binti alifumua, akatenga za mota upande mmoja na za vihisi upande wa pili. Mwalimu akaeleza kwamba umeme wa mota una kelele, na kihisi hunong'ona. Vikikumbatiana, mnong'ono haufiki. Kigari kikawekwa kwenye mstari, kikaufuata taratibu mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Majina yalikuwa yameshapokelewa, na hayabadilishwi.

Msusi alikwenda kwa kina Kijiti. Mama mtu alifungua mlango nusu.

"Karibu. Leo watu wanasemaje?"

Msusi alikosa pa kuuweka uso. Aliomba radhi. Kijiti alichungulia nyuma ya mama yake.

"Kimetembea?"

"Kimetembea, mwanangu. Tatizo lilikuwa ule msuko."

"Hata mimi niliuona," Kijiti alisema. "Nikauona mzuri." Kisha akarudi ndani.

Basi, mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usiache nyaya za mota zisukwe pamoja na za vihisi, hata zikipendeza.

Usibebe neno la saluni ukalifikisha kwa mwalimu.

Usimtoe mtoto wa mwenzio kwa sababu tu umechoka kutoelewa.

Usitafute mchawi nje kabla hujafumua kilichosukwa nyumbani kwako. Kikulacho ki nguoni mwako.