Simba Mmoja wa Ngiri

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na mto!
— Tukaenda kunywa.
Palikuwa na simba!
— Tukarudi na kiu yetu.

Sogeeni, basi. Hapo kale, katika mbuga ya ng'ambo ya mto, aliishi simba jike aitwaye Bi Sikudhani. Alikuwa na wana watatu wa kiume. Na desturi ya simba mnaijua: kijana akianza kuota manyoya shingoni, baba humtimua. Basi mumewe, Bwana Kishindo, akawatimua wote watatu, akisema mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne.

Mama akabaki na wasiwasi. Alijua kwamba madume watatu wakishikamana wataishi, lakini dume akibaki peke yake siku zake ni chache. Akawa kila apitaye humwuliza.

Akapita Twiga. "Twiga wa shingo, umewaona wanangu?"

"Nimewaona, mama. Watatu, wanakunywa maji."

Sikudhani akala, akalala.

Akapita Pundamilia. Msiniulize alisimama umbali gani. "Pundamilia wa mistari, umewaona wanangu?"

"Nimewaona, mama. Wawili, wanashuka bondeni."

Sikudhani akala, hakulala.

Akapita Ngiri, mkia juu. "Ngiri wa meno, umewaona wanangu?"

"Nimemwona, mama. Mmoja."

Sikudhani hakula, hakulala. Akalia machozi ya uchungu.

Kishindo aliposikia hivyo akafurahi, akasema anakwenda kummaliza huyo mmoja kabla hajakomaa. Mkewe akambembeleza, hakusikia. Basi mama akafuta machozi, akamgeukia Ngiri, akataka aelezwe vizuri huyo mwana alikuwaje.

Ngiri akasema alikuwa amekaa peupe juu ya kichuguu, upepo mgongoni kwake, harufu yake ikisikika toka mbali. Yeye Ngiri alitaka kukimbilia nyasi ndefu, ila shimo lake lilikuwa karibu zaidi, akaingia kinyumenyume.

 Sikudhani akacheka mpaka akajilaza chini. Uwindaji huo aliwafundisha wanawe mwenyewe: mmoja anakaa peupe ili wanyama wamkimbie, wenzake wanawangoja kwenye nyasi.

"Nenda, mume wangu," akasema. "Nisalimie wanangu."

Kishindo akaenda. Akamwona mmoja juu ya kichuguu, akanguruma. Yule hakutikisika. Akanguruma tena. Yule akapiga miayo. Akanguruma mara ya tatu, na nyasi za kulia zikasimamisha dume, na nyasi za kushoto zikasimamisha dume.

Bwana Kishindo akaufyata mkia, akatimua mbio hadi kwenye shimo la Ngiri. Kichwa kikaingia, mwili ukakataa. Ngiri, aliyekwisharudi kwake, akamwambia kwa adabu kwamba nyumba imejaa.

Wanawe wakafika wakitembea polepole. Wakapita mmoja mmoja nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," ikatoka sauti shimoni, mara tatu.

Wakaenda kumwona mama yao, naye siku hiyo akala, akalala fofofo.

Ngano yangu imefika zizini. Utamu wake gawaneni, uchungu wake mwachieni Ngiri. Ndugu wakishikamana, hata asiyeonekana yupo. Nanyi mnaokwenda mbugani kwa magari, mkimwona simba dume mmoja amekaa peupe, msianze kupiga picha. Fungeni madirisha ya upande wa pili.