Mgolole wa Mlima Itulwa

Siku zile mlima Itulwa ulikuwa haujajua kujifunika. Masika na kiangazi kilele chake kilionekana wazi kama paji la uso, na mtu aliyekuwa mbugani, mwendo wa siku tatu kutoka hapo, aliweza kunyoosha kidole na kusema, lile ndilo jiwe bapa, na lile ndilo pango. Watu waliishi kiunoni mwa mlima, penye majani mazuri ya ng'ombe. Kila mwaka, kipupwe kilipokaribia, walikuwa na swali moja tu: tukae au tushuke?

Kushuka mbugani hakukuwa jambo dogo. Njia ilikuwa ya mawe na makorongo, na kule chini kulikuwa na mbu na kupe. Tena kulikuwa na desturi ambayo watu hawakupenda kuitaja. Mzee asiyeweza kutembea hakushuka. Aliachiwa kuni, maji na unga wa siku saba, mlango ukaegemezwa, na watu wakaondoka bila kugeuka nyuma. Baridi ilipokwisha walirudi, wakakuta jivu.

Jibu la swali lao lilitolewa na maziwa. Maharage yakishavunwa, mama anyonyeshaye alitumwa kileleni na kibuyu cha maziwa. Alikiacha juu ya jiwe bapa, mdomo wazi, naye akalala pangoni. Kulipokucha alikishusha, na Mzee Kasyupa, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, alikiinamisha mbele ya watu wote. Maziwa yakimwagika, kipupwe kitakuwa cha upole, na watu watakaa. Yakikataa kutoka kwa sababu yameganda barafu, basi wana siku saba za kushuka, zisizidi.

Mwaka huo alitumwa Sekela. Mumewe alikuwa ameuawa na nyati masika yale yale, akamwachia mtoto, Lwitiko, ambaye alikuwa bado anatambaa, na mama mkwe, Bibi Nyagalo, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na kukataa kazi. Nyumba yao haikuwa na mtu mwingine.

“Mkamwana,” Bibi Nyagalo alimwambia, akimfungia mgolole wake mweupe begani, “ukifika huko juu uniulizie kama wana tumbaku.”

“Nimwulize nani, mama? Huko kuna mawe tu.”

“Mawe ya kizamani hayakosi tumbaku. Yanakunyima wewe kwa sababu huamkii.”

Sekela alicheka. Kisha akainama kuchukua kibuyu na kicheko kikamwishia, kwa sababu aliona kwamba Bibi alikuwa ameanza kuvuta kuni karibu na kitanda chake, moja moja, bila kumwambia mtu.

Kulipopambazuka kileleni, jiwe bapa lilikuwa jeupe kwa sakitu, ule umande unaoganda ukalia chini ya nyayo kama makapi. Sekela alikigonga kibuyu kwa kidole. Kililia kama jiwe. Alikiinamisha, na hakikutoka kitu.

Aliwaza zile kuni. Ndipo akaufungua mgolole, akakifunga kibuyu kama anavyofungwa mtoto mwenye homa, akakikumbatia tumboni na kuketi mahali jua lilipoanza kugusa. Mwili ulimtetemeka hata meno yakagongana. Hakujiambia kwamba anadanganya. Alijiambia kwamba anakipasha moto tu, kidogo, kama mtu anavyompasha mtu. Jua lilipopanda alisikia maziwa yakicheza ndani, akaanza kushuka.

Mzee Kasyupa alikipokea kibuyu akiwa ameketi, maana naye siku hizo alisimama kwa kushikwa mkono. Alikiinamisha. Maziwa yakamwagika chini, na watu wakashusha pumzi.

“Basi mbu wa mbugani watalala njaa mwaka huu,” alisema mchungaji mmoja, na wengine wakacheka.

Lakini Mzee alikuwa amechovya kidole katika maziwa, akikisugua kwa kidole gumba. Maziwa yaliyoganda na kuyeyuka huwa na chembechembe, na yeye alizijua.

“Mama Lwitiko,” alisema, “maziwa haya yamelala wapi?”

“Yamelala juu ya jiwe, baba.”

Alimtazama. Kisha akaitazama miguu yake mwenyewe, akapangusa kidole, wala hakuuliza swali la pili.

Siku ya tisa baridi ilishuka. Majani yaliungua yakawa meusi, kana kwamba moto ulipita. Ndama walikufa wamesimama, wakiegemea mama zao. Wale waliojaribu kushuka walikuta makorongo yanateleza kwa sakitu. Wawili walianguka, wengine wakarudi. Kuni kavu zikaisha mlima mzima, na watu wakaanza kuchoma milango.

Sekela alitoka kila asubuhi kutafuta kuni, na kila asubuhi alimwacha Lwitiko kifuani mwa bibi yake, chini ya ngozi pekee waliyokuwa nayo. Siku ya nne ya baridi ile alirudi na mzigo wa kuni mbichi akamkuta Bibi ameketi wima, ngozi yote amemzungushia mtoto, yeye amebaki mabega wazi. Bibi alikuwa hai. Mtoto alikuwa amekwisha kupoa, hana pumzi.

“Kuni zangu zilikuwa zinanitosha mimi, mwanangu,” Bibi alisema. “Kwa wawili hazikutosha.”

Watoto kumi na mmoja walizikwa kipupwe kile. Kwenye kaburi la mwisho Sekela alisimama mbele ya watu, akasema alilolifanya, lote, tangu kibuyu kilipolia hadi kilipofungwa katika mgolole. Wengine waliokota mawe, wakakaa nayo mikononi.

Ndipo Mzee Kasyupa akasema kutoka pale alipoketi, “Mimi niliziona chembe. Nilinyamaza kwa sababu na mimi sitembei. Mkirusha, anzeni huku.”

Mawe yakashushwa, moja hapa, moja pale.

Sekela alipanda tena kileleni. Aliutandaza mgolole wake juu ya jiwe bapa. “Ulisema kweli,” aliuambia mlima, “nami niliifunika kwa nguo hii. Sasa nguo ni yako.” Akasimama mabega wazi katika upepo. Upepo ukaingia chini ya mgolole, ukauinua, nao ukapanuka, ukawa mpana kuliko jiwe, mpana kuliko kilele, ukateremka mweupe pande zote hata Sekela asiione mikono yake. Alishuka kwa kupapasa. Watu walimsikia kabla ya kumwona.

“Msiuulize tena,” alisema. “Umejifunika. Leteni miti miwili na ngozi ya ng'ombe.”

Sakitu ilikuwa imeanza kuyeyuka makorongoni, na ng'ombe hawakuwa na majani tena; wakatengeneza machela. Siku hiyo, katika wingu, aliyetangulia kushuka mbugani alikuwa Bibi Nyagalo, na Sekela alishika machela upande wa mbele. Nyuma yake alibebwa Mzee Kasyupa. Ndama wachache waliosalia walifuata.

Na tangu siku hiyo, maharage yakishavunwa, mlima Itulwa huvuta wingu lake jeupe ukajifunika hadi kiunoni, na huwezi kujua kutoka mbugani wala kutoka malishoni kipupwe kitakuja na nini. Hakuna apandaye kuuliza. Watu wakiliona wingu, kabla ndama mmoja hajafunguliwa, vijana huingia na machela katika nyumba ya kila mzee. Na kitu cha kwanza wakifanyacho, kabla hata ya salamu, ni kuziondoa kuni zilizo karibu na kitanda na kuzitupa nje.