Mbeleko Iliyobaki Voi

Mbeleko husahau mgongo, mgongo hausahau mbeleko.

Methali hii ilianza hivi. Na wewe Tumsifu acha kucheka, nimekusikia. Umeisema kwa mdomo mpana kumsimanga kijana wa watu asiyempigia simu bibi yake, halafu unamuuliza kaka yako eti ni wahenga gani walioitunga. Wahenga! Mhenga mwenyewe ndiye huyu mnayempukuchulia mahindi ya makande. Niliisema mimi, kwa kinywa changu hiki. Nusu niliisemea mpakani Holili na nusu niliisemea Voi, na katikati ilipita miaka minne. Pukuchueni, mikono isilale, nitawaeleza.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Eliaika, ambaye nyinyi mnamjua kwa picha tu. Alikuwa fundi cherehani. Alijifungua binti, akamwita Nakijwa, na baba wa mtoto akaondoka hata arobaini haijafika. Habari za huyo msiniulize, sina. Mtoto alipotimiza miezi saba, Eliaika akapata kazi ya kushona sare za shule kule Voi, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Akaniambia, "Dada, nishikie miezi sita tu. Nikishasimama nitamfuata." Mimi sikujaliwa mtoto. Mume wangu alikwisha kufariki, na katika nyumba yangu hapa Mwanga palikuwa na kuku na redio. Nikampokea.

Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukakaribia kuwa miwili. Nilimbeba kwa mbeleko moja, kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Nilipika naye akiwa mgongoni, nilipalilia naye mgongoni, na kanisani nilisimama nyuma nikimyumbisha hivi, kushoto, kulia, asije akaamka katikati ya mahubiri. Neno lake la kwanza lilikuwa "mama", na aliniambia mimi. Sikumsahihisha.

Eliaika hakumtupa mwanawe, msije mkafikiri hivyo. Kila baada ya muda alituma gauni, kashona mwenyewe, lenye kola na vifungo vya kupendeza. Kila gauni lilipofika lilikuwa dogo. Fundi mzuri vile, lakini kipimo alichokuwa nacho kichwani kilikuwa cha yule wa miezi saba, na alichoongeza alikisia tu. Nikawa nayakunja na kuyaweka sandukuni.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ubaya wangu ulipo. Mwaka wa pili Eliaika alianza kumtaka mtoto wake. Alipiga simu dukani kwa jirani, nikaitwa. "Dada, nimepata chumba, mlete." Nikamwambia mtoto ana kifua. Akapiga tena, nikamwambia mvua imekata njia ya Taveta. Akapiga tena, nikamwambia anaota meno. Meno gani jamani, na mtoto anatafuna muwa! Mara ya mwisho alilia tu kwenye simu, mpaka mwenye duka akajifanya anapanga sabuni. Nikaona aibu. Nikasema, "Basi, tutakuja wikendi. Tunafika Jumamosi, Jumapili tunarudi."

Nilichagua wikendi kwa makusudi. Nilijua mtoto hamzoei mtu kwa siku mbili. Angelia akishikwa na Eliaika, angenikimbilia mimi, na Eliaika angeona kwa macho yake kwamba mtoto ana kwao na kwao ni kwangu. Baada ya hapo asingenisumbua tena. Ndivyo nilivyopanga, na kwa uzee huu sioni sababu ya kuficha.

Binamu yetu Mbonea, babu yenu, alikuwa na Corolla kuukuu, akakubali kutupeleka. Nyie mnaona watu wakipiga picha safarini wakicheka mnadhani safari na mtoto ni raha. Thubutu! Hatujafika Himo, Nakijwa keshatapika kwenye suruali ya Mbonea. Akataka kukojoa, tukasimama, hakukojoa. Tukaondoka, akakojoa. Akatupa kiatu kimoja dirishani, tukarudi nyuma kukitafuta majanini, Mbonea akilalamika kwamba yeye ana mke na watoto wanne na hajapata kuona. Mimi nilicheka mpaka machozi. Ile ndiyo safari pekee niliyowahi kusafiri na mtoto, na sikuwahi kucheka vile tena.

Holili nilikuwa na karatasi zangu zote, hati ya safari yenye jina la mtoto na barua ya mtendaji kwamba mimi ni mama yake mkubwa. Afisa alikuwa kijana mpole. Aligonga mhuri bila hata kuisoma barua, akamshika Nakijwa shavu, akasema, "Mama, amefanana na wewe." Nikasema, "Ahsante baba."

Baada ya Taveta lami ikaisha. Siku hizo barabara ilikuwa vumbi jekundu hadi Voi. Nakijwa akaona tembo, akapiga kelele, "Ng'ombe!" Mbonea akamwambia, "Ehe, ng'ombe wa serikali." Mchana tukafika, sote wekundu hadi kope.

Eliaika alikuwa amesimama nje. Majirani walituambia alisimama pale tangu asubuhi. Alikonda, na mkanda wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Alipiga magoti mavumbini, akafungua mikono, akasema, "Nakijwa, njoo kwa mama." Mtoto akamtazama, akajificha nyuma ya sketi yangu, akaniambia, "Mama, tuondoke."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi, na moyo wangu uliniuma kwa kufurahi.

Siku ile nzima ilikuwa hivyo. Eliaika akimpa uji, mtoto anafunga mdomo. Akimpa mwanasesere wa vitambaa, anamtupa. Alijaribu kumpima mabega kwa ule mkanda, mtoto akalia mpaka akapaliwa, nikamfunga mgongoni akanyamaza papo hapo. Eliaika alikaa kwenye kiti cha cherehani akitutazama. Alipika pilau nzuri, hakuila.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kisafi. Kando ya ukuta palikuwa na kitanda kidogo cha mtoto na godoro lake. Nilipotaka kukalia godoro lile, likalia chakacha. Lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Nikamuuliza, "Umenunua juzi?"

"Mwaka jana, dada," akasema. "Mwezi wa tatu. Uliposema ana kifua, nikaona nailoni isitolewe, vumbi lisiingie, maana vumbi ni baya kwa kifua."

Mtoto hakuwahi kuwa na kifua hata siku moja.

Jumapili asubuhi Eliaika akajaribu mara ya mwisho na uji, na mtoto akaupiga kikombe, ukamwagika wote juu ya sare zilizokuwa zimekunjwa. Hakumkaripia. Alifuta polepole, akaniambia bila kunitazama, "Dada, mrudishe Mwanga. Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba ni wako. Mimi nitakuwa nikituma nguo. Nipe vipimo tu, nisishone ndogo tena."

Haya, si ndilo nililolifuata? Nilikuwa nimeshinda. Mbonea alikuwa ameshawasha gari nje, anapiga honi. Nakijwa alikuwa mgongoni mwangu, kichwa kimelala, usingizi unaanza kumchukua. Ningetoka pale na ningekuwa na mtoto mpaka leo. Angekuwa amekaa hapo mlipokaa nyie.

Nikamwambia Eliaika, "Geuka."

"Nigeuke vipi?"

"Nipe mgongo, mwanamke! Inama."

Akainama. Nikafungua fundo kifuani, nikamteremsha mtoto taratibu, nikamlaza juu ya mgongo wa mama yake, nikazungusha mbeleko ile ile, ya kijani, yenye jasho langu na vumbi la safari. Nikafunga fundo mimi mwenyewe. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Eliaika akataka kumfungua. Nikamkemea, "Usifungue! Yumba. Kushoto, kulia. Hata akilia, wewe yumba."

Akayumba. Mtoto akalia, akalia, akakwama, akavuta pumzi kwenye kile kitenge, halafu akalaza shavu.

"Kifua hana," nikamwambia Eliaika. "Hakuwahi kuwa nacho. Na barabara haikukatika. Nilikudanganya."

Aliendelea kuyumba. Kisha akasema, "Nilijua kuhusu barabara. Malori yalikuwa yanapita hapa kila siku."

"Mbona hukuja kumchukua?"

"Ningekunyang'anyaje, dada? Huna mwingine."

Jamani. Nilishika mkoba wangu. Nikamwambia akiamka ampe ndizi kabla ya uji, na asimpe simu anisikie sauti, ataanza kulia upya. Akaniuliza, "Na mbeleko?" Nikamwambia mbeleko inakaa na mtoto. Nikatoka kabla hajaamka. Mbonea akanitazama, akatazama nyuma yangu, akazima honi yake na maneno yake yote.

Tukaanza safari ya kurudi. Tembo walikuwepo tena, hakuna aliyewaita ng'ombe. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na nusu biskuti iliyotafunwa, na nilimkataza Mbonea kuitupa.

Holili nikasimama kwenye foleni. Afisa alikuwa yule yule wa Jumamosi. Akafungua hati, akasoma, akainua macho. "Mama, mlitoka watatu. Mtoto yuko wapi?"

"Amebaki kwa mama yake."

"Kwani mama yake si wewe?"

Nikamwambia asome barua, safari hii aisome. Akaisoma yote. Sura yake ikabadilika, akagonga mhuri. Halafu akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, mbona unabembeleza?"

Nikajitazama. Nilikuwa nayumba. Mikono nimeirudisha nyuma, nimeifunganisha chini ya mgongo, nashikilia hewa, kushoto, kulia, mbele ya watu wote wa foleni. Nikajaribu kusimama wima, sikuweza. Nikamwambia, "Nisamehe baba, mgongo hausahau mbeleko." Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Mbonea ndiye aliyeisambaza hapa Mwanga, mdomo wake mnaujua.

Wiki za mwanzo Eliaika alinipigia kusema mtoto ananililia. Baadaye akasema analia kidogo. Baadaye akasema anakula vizuri na anaimba, na mimi nikajibu, "Bwana asifiwe," nikarudi nyumbani nikakaa na redio. Kila Pasaka aliniita niende, nikatoa visingizio vile vile, kifua, mvua, ila sasa kifua kilikuwa changu. Niliogopa.

Nilikwenda baada ya miaka minne. Nakijwa alikuwa mrefu, amevaa gauni lililomkaa sawasawa. Alinisalimia, "Shikamoo," kwa adabu kabisa. Halafu akamgeukia Eliaika, akauliza kwa sauti ya chini, si ya chini vya kutosha, "Mama, huyu mgeni atalala wapi?"

Eliaika akainamisha uso. Juu ya cherehani palikuwa na kitambaa cha kijani cha kufutia mafuta, na ua moja la njano lilikuwa bado linaonekana. Nikamuuliza mtoto, "Unakijua hiki?" Akasema, "Ni kitambaa cha mashine." Eliaika akaanza kumwambia, "Nakijwa, huyu ndiye..." Nikamzuia. Nikasema, "Mwache. Mbeleko husahau mgongo. Ndivyo inavyotakiwa, ingekumbuka isingetoka mgongoni." Nikamwambia mtoto mgeni atalala chini, kwenye mkeka, na kitanda chake akilalie mwenyewe. Nailoni haikuwepo tena kwenye lile godoro.

Nakijwa sasa ni mtu mzima, ana wanawe Mombasa. Hunipigia kila Krismasi, ananiita Mama Mkubwa, ananiuliza hali ya miguu. Simlaumu, na nyie msimlaumu. Alimpata mama yake kwa sababu alinisahau mimi, na nililitaka hilo siku nilipofunga lile fundo. Lakini kutaka jambo ni kitu kimoja, na kulala nalo katika nyumba hii ni kingine.

Jumapili iliyopita niliwaona, Tumsifu, wewe na kaka yako, mkinong'onezana kanisani kwamba bibi anacheza na wimbo haujaanza. Sikuwa nacheza. Nilikuwa nimesimama tu nyuma, mahali pangu, wakati wa mahubiri.

Leteni hayo mahindi, yanatosha. Na mkiisema tena, semeni polepole. Mbeleko husahau mgongo, mgongo hausahau mbeleko.