Punda Aliyeitwa Mwamba

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na mzigo.

— Kaubeba nani?

Kaubeba asiyeitwa. Sikilizeni basi.

Puu! Sauti moja tu, usiku, kisha kimya. Hapo zamani za kale, katika nchi kavu ya wanyama, Punda alikuwa ameanguka mlangoni pake, mitungi ingali mgongoni, maji yakimwagika.

Nchi ile ilikuwa na mila yake: ukimtuma mwenzako kwa jina lake, sharti umpokee mzigo nusu ya njia. Na kisima kilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima vitatu.

Basi wanyama wakalikwepa jina la Punda. Vijana wa Kima walikuwa na neno lao la vijiweni, "mwamba," yaani mtu shupavu. Nchi nzima ikalidaka.

Asubuhi "mwamba" lilikuwa "nibebee." Mchana lilikuwa "fanya haraka." Punda akijikwaa, lilikuwa "vumilia." Akiomba msaada, "Mwamba!" na kicheko juu yake, maana yake "hayo ni yako." Neno moja, maana tele, na zote zilipanda mgongoni mwake. Jina alilopewa na mama yake hakulisikia tena tangu mama afe. Siku nyingine alilinong'ona mwenyewe njiani, asije akalisahau.

Kulipokucha akaja Kima.

"Oya, mwamba! Maji yangu yako wapi?"

Punda hakuinuka.

Akaja Fisi.

"Mwamba wetu! Mwamba gani analala mpaka jua linamchoma? Inuka, bwana, tukusifu!"

Punda akafumba macho.

Akaja Ngiri, mama wa watoto saba.

"Mwamba, baba, wanangu wanalamba umande."

"Mwamba hachoki," Punda akasema polepole. "Mwendeeni huyo. Mimi nimechoka."

"Kwani wewe ni nani?" Fisi akacheka.

"Mnajua."

Walijua. Kima akatazama juu mtini. Fisi akakumbuka ana shughuli. Wakaondoka zao, kila mmoja na koo lake kavu.

Ngiri akabaki. Akatazama bega la Punda lililochubuka. Akatazama vilima, vilikuwa vitatu vilevile. "Na shingo yangu hii fupi," akaguna. Kisha akapiga magoti, kama ngiri wanavyopiga hadi leo, akafungua kamba, akautoa mtungi mmoja, akaufunga mgongoni mwake.

Ndugu zangu, sifa haipokei mzigo. Akujaliye hukuita, kisha huja na bega lake.

Nami hadithi yangu naitua hapa chini, taratibu, isivunjike. Palepale Ngiri alipovuta pumzi, akasema:

"Haya, inuka twende, Sudi."