Chaji ni ya Mwenye Safari

Chaji ni ya mwenye safari. Mnacheka nini sasa? Mnadhani tunazungumzia simu zenu hizo msizoziweka chini hata wakati wa kula? Haya, sogeeni niwape chanzo chake, ili siku nyingine mkiisema mjue mnasema nini.

Pale Mombo, mlima unapoanzia, palikuwa na kiwanda kidogo cha mikate cha Mama Shemdoe. Mafuta yalipopanda bei alinunua bajaji mbili za umeme, akamwita fundi amjengee vituo viwili vya kuchajia. Fundi alikagua nyaya, akatikisa kichwa. "Mama, laini yako inabeba kimoja tu. Cha pili kitaunguza nyumba." Basi kikafungwa kimoja, ukutani, karibu na mlango wa tanuri. Na kwa kuwa Mama Shemdoe aliuogopa moto, ikifika saa kumi na mbili jioni alizima swichi kubwa na kufunga.

Bajaji mbili, kituo kimoja. Nani atangulie? Hilo halikujadiliwa. Mzee Semkiwa alikuwa amesambaza mikate pale tangu siku tanuri lilipowashwa mara ya kwanza, na mkubwa ni mkubwa. Kila siku saa nane mchana, mashine za kukandia zikishazimwa na laini kupata nafasi, alichomeka, akavuta kiti chake, akaitazama taa mpaka igeuke kijani. Aliipenda taa ile, jamani! Alikuwa ameanza kuogopa kwamba mambo haya mapya yatamwacha nyuma, na taa ikiwaka kijani alijiona bado yumo.

Lakini Mzee Semkiwa alipeleka mikate sokoni tu, mwendo wa kutembea kwa miguu. Bajaji yake ilirudi na betri karibu imejaa, ila ile sehemu ya mwisho ndiyo huingia polepole kuliko zote. Aliyepanda mlima kila alfajiri mpaka shule ya bweni ni Zaituni, binti mwenye mwaka mmoja tu kazini. Yeye alichomeka mzee akishamaliza, na swichi ikazimwa betri ikiwa nusu. Mzee akimuuliza anasema, "Inatosha, babu."

Ikatosha kweli, mpaka muhula ule shule ilipoongeza mikate. Mzigo ukawa mzito, na asubuhi moja bajaji ikamzimikia Zaituni katikati ya kona za mlima. Mikate ilifika saa nne. Watoto walikuwa wameshakunywa uji mtupu.

Mchana ule Mama Shemdoe alimwita Zaituni mbele ya wote. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha.

"Mwanangu, shule wamesema tukichelewa mara nyingine, wanatafuta mikate kwingine. Kesho ukikwama tena, nitamtafuta dereva mwingine. Sina namna."

"Nimeelewa, mama," Zaituni akasema.

Mzee Semkiwa alikuwa ameshachomeka. Alimhurumia binti yule, na kama ilivyo kwa wazee, huruma yake ikatoka kama karipio. Alimfuata kwenye kreti tupu.

"Wewe binti, unapandaje mlima na betri nusu? Huna akili?"

Zaituni akainamisha kichwa. "Najua nusu haifai, babu."

"Sasa mbona husemi?"

"Ningesema nini? Kwamba mzee achomoe, nichomeke mimi? Kwetu sikufundishwa hivyo."

Lo! Hapo ndipo Mzee Semkiwa alipofunguka macho. Miezi yote ile alidhani anaheshimiwa, kumbe heshima hiyo binti wa watu alikuwa anailipia mlimani peke yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Na angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemlaumu. Wapishi wote walikuwa wakimtazama Zaituni.

Akaenda ukutani, akachomoa waya wake.

"Mama Shemdoe!" akaita kwa sauti. "Kosa si la mtoto huyu. Kosa ni langu. Nakaa hapa najaza betri iliyojaa, na anayepanda mlima anangoja. Zaituni, leta bajaji yako."

"Lakini mzee, wewe ndiye mkubwa," mpishi mmoja akasema.

"Mkubwa wa kwenda wapi? Sokoni pale? Hata ikizima nitasukuma. Chaji ni ya mwenye safari!"

Mama Shemdoe alimtazama, kisha akamtazama Zaituni. "Kumbe," akasema polepole. "Na mimi nipo hapa kila siku, sikuona."

Kesho yake kengele ya chai ilipigwa mikate ikiwa mezani. Saa nane mchana Zaituni alimkuta Mzee Semkiwa amesimama karibu na kituo, waya mkononi, bado hajachomeka.

"Shikamoo babu. Tangulia tu."

"Marahaba. Kesho nani anapanda mlima?"

"Mimi, babu."

"Basi chukua waya, usinichoshe mkono."

Akacheka, na Zaituni naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Neno lile wapishi wakalibeba mpaka majumbani, sokoni wakalidaka, na leo hata bombani mwenye mgonjwa nyumbani hupishwa atangulie kuchota, awe mdogo kiasi gani. Na wa kumpisha kwanza ni mkubwa mwenyewe, kwa sababu mdogo mwenye adabu hataomba.

Chaji ni ya mwenye safari.